Chevrolet ya Sentimita 20: Barua kwa Baba

Dearborn, Michigan
Mwishoni mwa Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Ama baada ya salamu, natumaini barua hii itakukuta wewe na Mama mkiwa wazima, na kwamba lile goti limekupa nafuu. Sisi huku hatujambo. Theluji imefunika ngazi za nyumba, watoto wanakwenda shule kama kawaida, na mkweo anakusalimu sana.

Nimeona niandike badala ya kupiga simu, kwa sababu tulipozungumza mara ya mwisho uliniuliza jambo nikashindwa kulijibu. Dada alikuwa amekueleza kwamba kila usiku nikitoka kazini nashuka chumba cha chini kuunganisha vigari vya plastiki, nawe ukasema, kwa sauti ileile ya gereji, kwamba hukunisomesha ili nivuke bahari nikacheze. Nilicheka, tukaagana, lakini maneno hayo yamenikaa. Nakuomba uyasome haya kwa jicho la fundi wa bodi, na hasira ya mzazi iwekwe kando kwa muda wa kurasa hizi chache.

Gari ninalolijenga sasa ni Chevrolet Bel Air ya mwaka 1957, ya milango miwili, ile isiyo na nguzo kati ya vioo vya ubavuni. Gari halisi lina urefu wa meta 5.08. Langu lina sentimita 20 na milimita 3, kwa kuwa kila kipimo chake kimegawanywa kwa 25. Huuzwa likiwa vipande ndani ya boksi, kila kipande kikining'inia kwenye fremu yake kwa kikonyo chembamba, na bodi ikiwa imemiminwa nzima nzima bila rangi, nyeupe kama ganda la yai. Kipimo hicho cha 1 kwa 25 ni cha huku hasa. Kampuni ya AMT ilianzishwa hapa Michigan mwaka 1948, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kutengeneza vigari vilivyokwisha kuunganishwa kwa ajili ya wauzaji wa magari, vikiwa na rangi zilezile za kiwandani, ili mteja avione juu ya meza na mtoto wake apate cha kushika wakati baba anatia sahihi. Vile vya zamani vilimiminwa kwa plastiki ambayo hujikunja kadiri miaka inavyopita, na leo utakuta kimoja kimepinda mgongo kama ubao ulioachwa mvuani. Mwaka 1958 ndipo AMT walipoanza kuuza seti za kuunganisha mwenyewe, zenye njia tatu ndani ya boksi moja: ulijenge gari kama lilivyotoka kiwandani, ulirembe upendavyo, au uligeuze la mashindano. Mimi hujenga njia ya kwanza tu. Kurembesha ni rahisi, kwa sababu hakuna wa kukuambia umekosea.

Kazi yenyewe ungeitambua mara moja. Kwanza naosha vipande vyote kwa sabuni ya vyombo, kwani hubaki na mafuta ya kalibu ambayo huikataa rangi. Kisha natafuta mistari iliyobaki pale pande mbili za kalibu zilipokutana. Kwenye gari hili mstari mmoja unapita juu ya madigadi za mbele, na mwingine unapanda mapezi ya nyuma hadi kwenye taa, mwembamba kiasi kwamba huuoni ila kwa kuinamisha bodi kwenye mwanga au kuupitishia ukucha. Naukwangua kwa mgongo wa wembe, kisha napitisha msasa namba 600 uliolowa, halafu namba 1000, na kila mara narudi kupapasa nimefumba macho, jinsi ulivyonifundisha kupapasa mlango wa Peugeot baada ya puti kukauka.

Nikiitaja Peugeot, nakumbuka kitu kitakachokuchekesha. Mwezi wa Desemba nilikuwa na haraka, nikapuliza rangi kali ya magari moja kwa moja juu ya plastiki bila praima, ile rangi ya chini ya kushikisha. Kulipokucha paa lilikuwa limejaa mipasuko midogo kama tope la mbugani wakati wa kiangazi. Unajua mafundi wa huku huvuaje rangi ya plastiki? Kwa mafuta ya breki. Unalitumbukiza gari zima, unalifunika, na kesho yake rangi inatoka kwa mswaki, plastiki ikabaki salama. Nilipokuwa nasugua nilikumbuka kofi ulilonipa siku nilipomwaga mafuta hayohayo juu ya boneti ya Peugeot 504 ya mteja, na namna ulivyokesha kuipuliza upya. Rangi ilitoka, lakini ile mipasuko ilikuwa imeingia kwenye plastiki yenyewe, na ilinibidi niisugue kwa siku tatu.

Sasa nieleze kinachoninyima usingizi, yaani usahihi. Boksi limeandikwa 1957, lakini aliyechonga kalibu ni binadamu, na kila seti ina kosa lake lililojificha. Nilipopima rimu za seti hii, pale tairi linapokalia, nilipata milimita 15 na ushei. Nikazidisha kwa 25 na kugeuza kuwa inchi, nikapata inchi 15. Chevrolet za mwaka 1955 na 1956 zilikuwa na rimu za inchi 15, lakini mwaka 1957 walishuka hadi inchi 14, na ndiyo maana gari la mwaka huo linaonekana limelala chini. Kosa ni la milimita moja tu. Hata hivyo, milimita moja hapa ni sentimita mbili na nusu kwenye gari halisi, na mtu aliyewahi kulala chini ya gari huiona kabla hajajua anachokiona: gari limenyanyuka mabega kama linalokwenda porini. Nimenunua rimu nyingine kando, na nimezikata kwa ndani ili zikae sawasawa.

Vipimo vingine nilivichukua kwa mkono. Tangu mwaka 1995, kila Jumamosi ya tatu ya Agosti, barabara ya Woodward kutoka Ferndale hadi Pontiac hujaa magari ya zamani yakitembea polepole mchana kutwa, na wenyewe huketi kwenye viti vya kukunja kando ya barabara. Nilimwomba mzee mmoja ruhusa ya kupima Bel Air yake kwa futi. Alinitazama kwanza, kisha yeye mwenyewe akashika ncha ya pili. Kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi la nyuma ni inchi 115, sawa na vitabu vinavyosema, na hapo seti yangu haikukosea. Halafu akanipeleka nyuma upande wa kushoto, akashika ule ukanda wa nikeli unaoshuka kwenye ukingo wa pezi, akauvuta, nao ukafunguka kama mlango wa kabati. Nyuma yake kulikuwa na kifuniko cha tangi la mafuta. Baba, ukilitazama gari hilo hujui kabisa linapotiwa petroli. Kwenye seti yangu mlango huo haupo. Kuna mkwaruzo tu ambao ungetoweka kwa rangi ya kwanza. Nimeuchimba upya kwa ncha ya sindano, mara ishirini kwa mkono mwepesi, na sasa hata baada ya rangi utauona.

Rangi nayo ni mtihani. Rangi ya gari halisi ina unene wa karibu sehemu ya kumi ya milimita. Ukiugawa kwa 25 unapata utando ambao hakuna mkono wa mtu unaoweza kuupuliza, kwa hiyo rangi yetu daima ni nzito kuliko inavyopaswa, na mistari ya milango lazima ichimbwe kwa kina kabla ya praima ili isizibwe. Nimechagua buluu ile iliyopauka waliyoiita Larkspur Blue, na paa jeupe la India Ivory, zote mbili zikiwa kwenye orodha ya Chevrolet ya mwaka huo. Napuliza kwa bunduki ndogo inayoshikwa kama kalamu, na kompresa yake haizidi boksi la viatu.

Nikeli ya boksi huwa nene na yenye kung'aa kupita kiasi, kwa hiyo naivua kwa kuloweka vipande kwenye dawa ya kung'arishia nguo, kama ile Jik ya Mama. Dakika chache tu nayo imeyeyuka. Hii inanisaidia hasa kwa wavu wa mbele, ule mnaouita sho, kwani kwenye Bel Air una rangi ya dhahabu na seti inakupa wa fedha. Ile mistari mitatu midogo kwenye kila madigadi ya mbele ni ya dhahabu pia. Mikanda ya ubavuni naivika karatasi ya metali yenye gundi, nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Naikandamiza kwa kijiti cha pamba ya masikio, kisha naikata kwa wembe mpya nikiwa nimezuia pumzi. Wembe ukiteleza, umekata rangi, na unarudi mwanzo.

Kuna jirani yangu hapa, mzee wa miaka 88, ambaye ujana wake wote aliumalizia Flint akifunga milango ya Chevrolet kwenye mstari wa kuunda magari. Alipokuwa mvulana alichonga gari la mfano kwa ajili ya mashindano ya General Motors yaliyoitwa Fisher Body Craftsman's Guild, yaliyoendeshwa kuanzia mwaka 1930 hadi 1968, ambamo vijana walioshinda walilipiwa masomo ya chuo kikuu. Hakushinda. Nilimpelekea bodi yangu baada ya kuing'arisha, nikitarajia sifa. Aliivalia miwani miwili, akaizungusha, akauliza, "Nani alifunga milango hii?" Nikasema ni mimi, kwa maana ya kwamba ndiye niliyeichimba mistari yake. Akasema kwamba mwanya wake ni sawa pande zote, na kwamba wao hawakuwahi kutoa gari la namna hiyo. Mlango ulikaa, ukapigwa bega au rungu la mpira, gari likaenda, na lingine likaja.

Tangu siku hiyo nimekuwa na shida ambayo naona wewe ndiye utakayeniamulia. Magari yanayoonekana barabarani Woodward yamejengwa upya na watu wenye fedha na muda. Yamepigwa rangi hata chini ya sakafu, injini zao zinang'aa kama sufuria mpya, na milango yao inafunga kama sanduku la vito. Seti nyingi na picha nyingi hufuata magari hayo. Nikiyaiga, naiga kazi ya fundi wa juzi na kuiita ya 1957. Nikimfuata mzee wa Flint, inanibidi nipulize chini ya gari rangi iliyofifia na yenye madoa ya vumbi, nibane kidogo mwanya wa juu wa mlango wa kushoto, na kila atakayeliona ataniambia kwamba sijui kazi. Kwa sasa nimeliacha hivyo hivyo upande wa kulia, na wa kushoto nimeubana. Tofauti ni kama unene wa unywele, ila mimi naijua, na mzee naye aliijua papo hapo.

Kilichobaki ni injini, na hapa ndipo nina ombi. Ni ya V8, ya inchi za ujazo 283, rangi ya chungwa. Seti inatoa kifuniko cha distributa, ile inayogawa umeme kwenye plagi, kikiwa gogo tupu lisilo na waya hata mmoja. Nimekitoboa matundu manane kuzunguka na moja katikati, kwa keekee ninayoizungusha kwa vidole. Mpangilio wa kuwaka wake, yaani silinda ipi huwaka baada ya ipi, ni 1-8-4-3-6-5-7-2, nami nimekariri kama ulivyonikaririsha 1-3-4-2 ya Land Rover, na kila waya utakwenda kwenye plagi yake halisi, japo boneti ikifungwa hakuna atakayeona. Waya wa plagi una unene wa milimita 7. Kwangu unatakiwa uwe na milimita 0.28. Inayouzwa hapa kwa kazi hii ina ganda laini linalovimba kwenye kona, nami sipendi inavyoonekana.

Pale Ngamiani, karibu na gereji, palikuwa na fundi wa kusuka mota. Kama bado yupo, tafadhali mwombe mabaki ya waya wa shaba kutoka kwenye mota ya feni iliyoungua, meta mbili tatu zinatosha, usiokunjika kunjika. Kuupima ni rahisi: uzungushe mara kumi kwenye penseli, mizunguko ikibanana bila nafasi, kisha uweke rula. Mizunguko kumi ikijaza chini kidogo ya milimita 3, ndio huo. Ikifika 4, mwachie. Binamu anakuja huku mwezi wa Aprili, na anaweza kuuweka ndani ya kitabu usipinde.

Nawe uniandikie kuhusu ule mlango wa kushoto.

Ni mimi mwanao,
kitinda mimba wako