Mjomba, Kutokohoa Kulinidanganya Hata Mimi

Mjomba wangu mpendwa,

Nakuandikia hadharani, kwa heshima yote inayonipasa nikiwa mwana wa dada yako, kwa sababu jibu ulilowapa wahamasishaji wa afya ya jamii walipofika kwenye karakana yako hapo Kaptembwo ni jibu ninalolisikia kwa wanaume wengi wa Nakuru. Walikualika hemani upigwe picha ya kifua bila malipo, ili uchunguzwe kifua kikuu, ukawaambia, "Mimi sikohoi, waiteni wanaokohoa," kisha ukashusha miwani yako ya kuchomelea vyuma ukaendelea na kazi.

Unaukumbuka mwaka ule nilipokuwa nikiishi Rhonda, chumba kimoja na wenzangu wawili? Ulinitobolea mshipi tundu jipya kwa msumari uliouchoma moto, na mwezi haukuisha kabla sijarudi kwako unitobolee jingine. Saa nne asubuhi nilikuwa nimekwisha kuchoka, na usiku shuka lililowa jasho, lakini kikohozi sikuwa nacho. Zahanati niliyoiendea ilinitibu malaria mara mbili bila kunipima damu. Nilipona kwa sababu mwenzangu mmoja alipatikana na kifua kikuu, na siku chache baadaye mhudumu wa afya akabisha mlangoni akitutafuta sisi tuliolala naye. Angengoja nikohoe kwanza, sijui leo ningekuwa wapi.

Wala si mimi peke yangu. Katika utafiti wa kifua kikuu wa Kenya nzima wa mwaka 2016, ambapo watu walifuatwa mitaani kwao badala ya kungojwa hospitalini, walipatikana wagonjwa 305, na ikakadiriwa kwamba kati ya kila watu wazima 100,000 nchini, 558 walikuwa na ugonjwa huu. Walioeleza kwamba wamekohoa kwa zaidi ya wiki mbili hawakufika nusu ya wagonjwa hao, ilhali picha ya kifua ilionyesha kasoro kwa karibu tisa kati ya kila kumi. Wanaume waliathirika kuliko wanawake, na umri ulioathirika zaidi ulikuwa miaka 25 hadi 34, ambao ndio umri wa vijana unaowafundisha kazi hapo karakanani. Ndiyo maana hema linaletwa mtaani, Mjomba: linamtafuta mtu anayejiona mzima.

Picha yenyewe haichukui muda. Unaegemeza kifua kwenye ubao, unavuta pumzi, unaizuia, basi. Kikionekana kivuli, hiyo bado si hukumu, kwa kuwa hata nimonia au kovu la zamani huweka kivuli. Utapewa kikopo, uende kando penye hewa, ukohoe kutoka ndani kabisa ya kifua. Mate ya mdomoni hayafai. Makohozi hayo huingizwa kwenye mashine ya GeneXpert, ambayo kwa muda wa saa mbili hivi hutambua vinasaba vya bakteria wa kifua kikuu na kuonyesha kama wamekuwa sugu kwa rifampisini, mojawapo ya dawa kuu.

Najua hofu yako kubwa ni kupoteza wateja, na sikulaumu. Hata hivyo, matibabu ya kawaida ni ya miezi sita na hayalipiwi katika hospitali za umma: miezi miwili ya dawa nne zilizounganishwa katika kidonge kimoja, kisha miezi minne ya dawa mbili. Siku ya kwanza nilishtuka kuona mkojo wangu una rangi ya chungwa, mpaka muuguzi akanieleza kwamba hiyo ni kazi ya dawa. Mgonjwa anayezimeza ipasavyo, ikiwa bakteria wake si sugu, kwa kawaida hupunguza sana uwezo wa kuambukiza katika wiki chache za mwanzo. Anayeendelea kuambukiza ni yule asiyejijua, na wewe unalala nyumba moja na wajukuu wawili ambao hawajatimiza miaka mitano. Watoto wa umri huo ugonjwa huwapanda upesi, na unaweza kuwafikia hata ubongoni.

Wahudumu wameniambia hema litarudi Jumamosi. Nitatoka Kisumu Ijumaa jioni nilale kwako, na asubuhi tutakwenda pamoja, wewe, mimi na vijana wote wa karakana, kabla hujafungua kazi.

Mpwa wako