Kuhusu lile koti unalotaka kulidarizi

Amman, Jordan

Shoga yangu Rukia,

Assalaam alaykum. Picha zako nimezitazama zote, na lile koti la lineni lenye mabega mapana limenikaa moyoni. Uliniuliza kama unaweza kuitoa ile nakshi ya Kipalestina kwenye simu ukampa fundi wa mashine aikopi kifuani. Nakuomba usifanye hivyo. Ipo njia nyingine, na naamini koti lako litapendeza zaidi.

Zamani huko Palestina, kabla ya 1948, mwanamke akienda sokoni watu walimjua katokea upande gani kwa kutazama nguo yake tu. Ramallah walidarizi kwa hariri nyekundu juu ya lineni nyeupe. Bethlehem walilaza kamba za dhahabu na fedha juu ya kitambaa, wakazishikiza kwa mishono midogo sana. Mabedui wa kusini, mjane alishona kwa bluu, na akiolewa tena aliongeza nyekundu. Hiyo nakshi uliyoipenda ina mberoshi, ule mti mrefu mwembamba, pembeni na hirizi katikati. Kuna mtu aliyeichagua hirizi ile na kuiweka kifuani kwa sababu anayoijua. Ukiipokea kama ua la kujazia nafasi, umempoteza mwenyewe.

Mimi najifunza kwa mama mmoja wa kambi ya wakimbizi ya Jerash, hapa Jordan. Watu huiita kambi ya Gaza, kwa kuwa waliokaa pale tangu 1968 walikimbia Gaza baada ya vita vya 1967. Natamani ungemwona akifanya kazi. Kwanza anatandika kitambaa cha matundu juu ya nguo na kukipiga bandi. Anahesabu matundu kwa ncha ya sindano, midomo ikicheza. Anashona mishazari kwenda, mstari mzima, kisha anarudi akiikata ile ya kwanza, mpaka kila mshono umekuwa msalaba. Kazi ikiisha anavuta nyuzi za kile kitambaa cha matundu, mmoja baada ya mwingine, hadi zote zimetoka na nakshi imebaki imeshika nguo yenyewe. Halafu anageuza ndani. Huko ndiko anakokagua hasa. Akiona fundo au uzi ulioruka mbali, anafumua. Wewe umelelewa na bibi aliyeshona kofia za vito, kwa hiyo unajua: kofia ya mkono na ya mashine mtu wa Lamu huzitofautisha akiwa ng'ambo ya barabara.

Nisikufiche, kazi hii sasa ina uchungu pia. Mwaka 1948 Wapalestina zaidi ya 700,000 walitolewa makwao, na wanawake wa vijiji mbalimbali wakajikuta kambi moja. Wapo waliouza nguo zao za harusi wapate chakula. Kudarizi kukawa kazi ya kulisha watoto. UNRWA, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi wa Kipalestina, ilianzisha mradi wa kudarizi wa Sulafa huko Gaza mwaka 1950, na Lebanon shirika la Inaash lilianza mwaka 1969 likiwapa kazi wanawake wa kambini. Wakati wa intifada iliyoanza 1987, yaani maasi ya Wapalestina dhidi ya utawala wa Israeli, bendera yao ilipokuwa marufuku hadharani, wanawake waliidarizi kwenye magauni, na ramani ya nchi pamoja nayo. Mwaka 2021 UNESCO iliuingiza udarizi huu kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Nilifurahi. Lakini Oktoba 2023 Gaza ilianza kupigwa, na mama huyu ana ndugu huko. Kuna siku anashona bila kusema neno, nami nanyamaza naye.

Usinielewe vibaya, sisemi nakshi zikae kabatini. Wapalestina wenyewe hawazifungii. Natalie Tahhan, mbunifu wa Yerusalemu, alichora mishono ya kale kwa kompyuta akaichapisha kwenye vitambaa vya mavazi ya kisasa, lakini alijua kila mchoro ni wa mji gani na akautaja. Rashida Tlaib, mbunge mwenye asili ya Kipalestina, alikula kiapo katika Bunge la Marekani Januari 2019 akiwa amevaa thobu, gauni refu la Kipalestina, ya kudariziwa, na wanawake wengi wa Kipalestina huko Marekani wakavaa za kwao siku hiyo.

Sasa sikiliza ninachokipendekeza. Kwenye thobu, kifua, yaani kile kipande cha mbele chenye nakshi, hushonwa peke yake kisha hupachikwa. Gauni likichakaa, kifua hufumuliwa kikahamia gauni jipya. Na zamani mabibi harusi wa vijiji vingine waliagiza vifua kutoka Bethlehem. Fanya na wewe hivyo: agiza vifua kwa kina mama hawa, walipe bei wanayoitaja wao, kisha ulishone koti kukizunguka kifua. Kwenye lebo andika kazi imetoka wapi na nakshi ni ya wapi. Bei itapanda, najua, na kifua kimoja ni kazi ya wiki nyingi. Basi tengeneza makoti machache. Wateja wako wa harusi wanalipa kwa kitu chenye mkono wa mtu.

Nitumie kipimo cha kifua, upana na urefu, na kipande cha ile lineni nikilinganishe na nyuzi. Mama ameshaiona picha ya koti. Amesema nyekundu iwe ile iliyoiva, na shingo uishushe kidogo ili miberoshi isikatwe vichwa.

Nisalimie mama na bibi, na watoto wote.

Mimi wako,
Mwanaisha