Barua kwa kaka Bakari na wa Makorora, Tanga, wote, kuhusu mama na chanjo ya korona

Leicester, Uingereza, Septemba 2021

Assalaam aleikum kaka Bakari,

Shikamoo. Mfikishie mama shikamoo yangu, na mjomba Zuberi pia, ingawa nina maneno naye utayaona huko mbele. Huku tuwazima, kibaridi kimeanza kurudi, kazi zinaenda. Meseji yako ya mabati nimeiona, fundi anataka hela kabla ya vuli, sawa, ntatuma mwisho wa mwezi, hilo lisikuumize kichwa. Ila kwanza nataka tuongee ile hela ya bajaji niliyotuma mama apelekwe hospitali ya Bombo akachanjwe. Nimesikia kwa mdogo wetu Zai, wala sikusikia kwako, kwamba mama hakwenda na hela mkamalizia shimo la choo. Kaka kweli jamani? Shimo la choo lilishindwa kusubiri?

Na aliyemzuia mama namjua. Zai kaniambia mjomba akija jioni anakaa na simu yake anamwonyesha mama klipu moja baada ya nyingine, ile ya sumaku kunata begani, ile ya kwamba wote waliochanjwa watakufa ndani ya miaka miwili, mama wa watu ana sukari ana presha anasikiliza mpaka usiku halali. Nikaandika kwenye grupu kwa adabu zote, nikajibiwa kwa voisi mbele ya ukoo mzima kwamba mi nalipwa na wazungu niwamalize ndugu zangu. Ile voisi niliisikiliza nikiwa kazini na chakula hakikupita. Mimi Mwanaidi, niliyelipa operesheni ya ngiri ya huyo huyo mjomba, niliyemzika baba kwa hela ya shifti za usiku, leo nataka kumuua mama? Imeniuma na sitaficha.

Sasa nakuomba hii msomee mama yote, usiruke hata mstari.

Mama, madhara yapo. Sijawahi kusema hayapo. Mwenzenu nilichanjwa Januari, sisi tunaofanya kazi kwenye nyumba za kutunzia wazee tulikuwa wa mwanzo kabisa pamoja na wazee wenyewe, nikapewa AstraZeneca. Usiku ule nilitetemeka, homa, mkono mzito, kesho yake kutwa nzima nimelala, keshokutwa nikaenda kazini. Alafu Aprili, kabla ya sindano ya pili, ndo zikaja habari za damu kuganda. Niliogopa mama, wallahi niliogopa. Wakatangaza walio chini ya miaka 30 wapewe chanjo nyingine, Mei wakapandisha wakasema chini ya 40. Kwa hesabu za huku hiyo damu kuganda inampata kama mtu 1 kati ya 100,000 kwa waliozidi miaka 50, na 1 kati ya 50,000 kwa walio chini ya hapo. Waliokwisha pata ya kwanza bila tatizo tuliambiwa tumalizie, nikamalizia. Nayasema haya ili mjue hakuna anayenificha kitu na mi siwafichi.

Hii iliyokuja kwenu, zile dozi milioni moja na ushee kutoka Marekani zilizofika Julai, ile aliyochanjwa Rais Samia tarehe 28 mbele ya kamera, ni Johnson & Johnson, sindano moja basi. Na yenyewe ina hilo la damu. Wamarekani waliisimamisha Aprili baada ya kuona wanawake 6, wote kati ya miaka 18 na 48, katika dozi karibu milioni 7, wakaichunguza, wakairudisha kwa onyo. Angalieni hiyo miaka. Mama keshavuka 60 zamani. Na sukari aliyonayo na presha ndo hasa vitu ambavyo korona ikivikuta haina huruma, hilo mi sikusoma kwenye simu, nimeliona kwa macho yangu hapa mwaka jana mwezi wa nne na wa tano, na sitaki kulielezea. Tangu wazee wetu wachanjwe hatujatoa jeneza hata moja kwa korona. Na mjue sasa hivi mi ndo kiongozi wa shifti, funguo za kabati la dawa ziko kiunoni kwangu, binti wa Makorora, wakubwa wa hapa wakitaka kujua hali ya mzee wananiuliza mimi.

Mjomba aseme, alipokwenda hija si alichanjwa homa ya uti wa mgongo ndo akapata viza? Alinyoosha mkono, hakudai klipu. Na mama anayetaka umra kila siku, ajue Saudia tangu tarehe 9 Agosti wanapokea wa umra kutoka nje waliochanjwa, na hiyo Johnson imo kwenye orodha yao.

Mnasema mbona unasainishwa fomu kabla ya kuchanjwa. Operesheni ya mjomba nani alisaini? Si wewe Bakari? Na mnasema tumelazimishwa. Sheria ya huku ya kuwalazimisha wafanyakazi wa nyumba za wazee kuchanja inaanza tarehe 11 Novemba, mi nilichanja Januari kwa hiari yangu. Yupo mwenzangu Mnaijeria amekataa katukatu na ataacha kazi, tunakula naye meza moja, tunabishana, hajaniita muuaji.

Zai mdogo wangu, wewe nakuambia tofauti na mama. Hiyo ya kwamba ukichanjwa hutozaa usiibebe, huku hata wajawazito tangu Aprili wanapewa Pfizer au Moderna. Ila umri wako ndo ule wa wale wanawake wa Marekani, kwa hiyo ukiamua kusubiri chanjo aina nyingine sikulaumu, ukiamua kuchanja uzijue dalili. Kichwa kuuma vikali kisiache, pumzi kubana, mguu kuvimba, tumbo kuuma sana, ndani ya wiki tatu hivi, hapo hospitali mbio na useme umechanjwa. Hata mama azijue.

Na msinitajie nyungu. Wakati wa Februari baba mdogo anafukizwa asubuhi na jioni nyie wenyewe mliniambia ni changamoto ya upumuaji, siku ya nne tukamzika. Mi nilimzikia kwenye simu, nimekaa kwenye ngazi za kazini. Kuja siwezi, Tanzania serikali ya huku wameiweka kwenye orodha nyekundu, nikirudi huku nafungiwa hotelini siku 10 kwa pauni 2,285 za mfukoni mwangu. Gari ninayo, nyumba ya Mwahako inapanda, lakini mkate wa kumimina wa mama sijautia mdomoni tangu korona ianze, na jioni nyingine nikifunga macho nasikia ule upepo wa bahari wa Raskazone na harufu ya pweza mpaka machozi yananitoka.

Kwa hiyo Bakari, nimetuma elfu hamsini kwa simu ya Zai, sio yako, usikasirike. Ni ya bajaji kwenda na kurudi na ya supu ya mama. Aende asubuhi, awe amekunywa chai na dawa zake kama kawaida, awaambie ana sukari na presha na anameza nini, akishachomwa akae pale kidogo waangalie hali yake ndo aondoke. Homa ikimshika usiku ni panadol na maji, na Zai alale chumbani kwake siku mbili hizo. Kama baada ya kusomewa yote haya mama mwenyewe kwa kinywa chake atasema hataki, anipigie aniambie yeye, ntamsikiliza. Mjomba naye anipigie, pembeni, tusiongelee kwenye grupu.

Wasalaam,
mdogo wako Mwanaidi

Mabati chukua ya geji 28, yale ya 30 chumvi ya bahari itayala.