Mkataba wa maji usomwe kijijini kabla mtambo haujafika

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalogusa vijiji vingi vya mkoa wetu wa Dodoma, nalo ni namna taasisi za serikali na mashirika yasiyo ya kiserikali yanavyoshirikiana kutuletea maji. Nimekuwa katibu wa kamati ya maji ya kijiji kwa miaka sita, na ombi langu ni moja: hati ya makubaliano kati ya serikali na shirika isomwe kwa Kiswahili mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, kabla mtambo wa kuchimba kisima haujaingia kijijini.

Kijiji chetu kilipata kisima kirefu kwa ushirikiano wa aina hiyo. Shirika lilileta fedha, ofisi ya serikali ikaleta wapimaji, na sisi tukachimba mtaro wa bomba kwa majembe yetu, kitongoji kwa kitongoji. Siku ya uzinduzi ilitangazwa jukwaani kwamba ndoo ya lita 20 itauzwa shilingi 30. Watu walishangilia, nami nilishangilia, wala hakuna aliyekuwa amepiga hesabu. Wakati wa kiangazi tuliuza ndoo kama 400 kwa siku, yaani shilingi 12,000, ambazo kwa mwezi ni 360,000. Tukishamlipa mlinzi na wauza maji wa vilula viwili, yaani vituo vya bomba vya kuchotea maji, zilibaki kama 160,000 za kununulia koki na kuziba mabomba yaliyopasuka. Kifuku kilipoingia watu walikinga maji ya mapaa na kuchota madimbwini, na mauzo yakashuka chini ya nusu. Mwezi wa 19 tangu uzinduzi, pampu iliungua. Fundi aliyetoka mjini aliivuta juu, bomba moja baada ya jingine, akaifungua juu ya turubai mbele yetu, akatuonyesha nyaya zilizokuwa nyeusi na bado zinanuka moshi, akasema pampu mpya haipungui shilingi milioni 6. Kwenye akaunti tulikuwa na 1,850,000.

Nililiandikia shirika barua. Lilijibu kwa heshima kwamba muda wa mradi ulikwisha na mradi umekabidhiwa serikalini. Barua hiyo niliipeleka ofisini wilayani kwa mkono wangu, nikaambiwa kwamba kumbukumbu za makabidhiano hazionekani na kwamba, hata hivyo, matengenezo ni jukumu la kijiji. Kijiji hakikuwahi kuiona hati yoyote. Tulichokuwa nacho ni jiwe la uzinduzi lenye tarehe na majina ya waliotoa. Kwa wiki 11 akina mama walirudi kufukua mchanga wa korongo, wakisubiri maji yajikusanye kata kwa kata, na binti yangu wa darasa la sita alikuwa akiondoka nao saa kumi alfajiri na kufika shuleni amesinzia.

Siamini kwamba kuna aliyetutakia mabaya. Shirika hupewa fedha za miaka miwili au mitatu, na zikiisha halina namna ya kubaki. Mtumishi wa wilaya naye ana vijiji vingi vinavyomngoja. Ndiyo sababu nataka kila upande useme mapema, mbele ya watu, mwisho wa wajibu wake ni wapi.

Ushirikiano huu si mgeni nchini. Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji ndani ya mita 400, na mikoa ikapata wafadhili wake: Wadenmark walikuwa Iringa, Mbeya na Ruvuma, Wafini wakawa Mtwara na Lindi. Miradi mingi ilijengwa, lakini mwaka 1991 ulipofika lengo lilikuwa mbali, na miradi mingine ilikuwa imekwishakufa, kwa kuwa wanakijiji waliiona kuwa ni mali ya serikali nayo serikali haikumudu kuitunza yote. Mwaka huohuo, hapa Dodoma, shirika la WaterAid liliungana na idara tatu za serikali, yaani Maji, Maendeleo ya Jamii na Afya, zikaundwa timu za wilaya zilizoitwa WAMMA, jina lililotokana na herufi za mwanzo za washirika hao. Maofisa wa idara tatu walikwenda vijijini kama timu moja, na mazungumzo na wanakijiji yalitangulia ujenzi. Kwangu mimi hilo ndilo lililokuwa na thamani kubwa kuliko fedha: aliyezungumza na kijiji alikuwa mtumishi wa serikali, ambaye ofisi yake ingebaki palepale wilayani hata mfadhili akiondoka.

Leo sheria tunazo. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka gharama za uendeshaji mikononi mwa watumiaji, na Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 ikaunda RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, na kuvipa vyombo vya watumiaji maji ngazi ya jamii kazi ya kuendesha miradi. Kanuni za mashirika yasiyo ya kiserikali za mwaka 2018 nazo zinayataka mashirika yatangaze hadharani fedha yaliyopokea na matumizi yake, kupitia magazeti na njia nyingine ambazo walengwa wanaweza kuzifikia. Gazeti hufika kijijini kwetu likiwa limefungia vitumbua. Njia tunayoifikia sisi ni mkutano mkuu wa kijiji, na ubao wa ofisi ya mtendaji yanapobandikwa mapato na matumizi.

Hati hiyo iseme mali ni ya nani siku mradi unapokabidhiwa, na nakala ya makabidhiano ibaki kijijini. Itenganishe matengenezo madogo na makubwa, kwa kuwa koki ya kilula na pampu ya kisima kirefu haviwezi kuwekwa katika fungu moja la "matengenezo ni jukumu la jamii". Hesabu ya bei ya ndoo ifanywe na wataalamu, uchakavu wa pampu ukiwemo, halafu wanakijiji ndio waipitishe. Nimesikia hoja kwamba kufanya hivyo kutachelewesha miradi. Kwa sheria mkutano mkuu hukaa kila baada ya miezi mitatu, na unaweza kuitwa kwa dharura. Sisi tuliokaa wiki 11 korongoni tunajua ucheleweshaji ni upi.

Wala isidhaniwe kwamba wananchi watakimbia wakiambiwa gharama halisi. Pampu yetu ilinunuliwa kwa mchango wa shilingi 10,000 kwa kila kaya pamoja na mauzo ya mahindi ya shamba la kijiji. Baada ya hapo tuliandika hesabu yote ubaoni kwa chaki, kuanzia posho ya mlinzi hadi bei ya pampu, tukauliza bei ya ndoo iwe ngapi. Bibi mmoja anayeuza ubuyu, ambaye shilingi 20 ni kitu kwake, ndiye aliyesimama wa kwanza kutaka iwe 50, na ikapita bila kupingwa.

Mwezi ujao wapimaji wa shirika jingine wanatarajiwa katika kitongoji chetu cha pili, wakiongozana na watu wa wilaya. Tumewaandikia wote wawili barua moja tukiwaomba waje na rasimu ya makubaliano yao, na mwenyekiti wa kijiji ameshaiweka kuwa ajenda ya kwanza. Naomba maofisa wa wilaya nyingine watakaosoma barua hii waturuhusu na sisi wa vijijini kuiona karatasi hiyo kabla hawajaitia sahihi.

Katibu wa kamati ya maji ya kijiji,
Mkoa wa Dodoma