Nani analipa, na siku ngapi?

Mwanangu Salimu,

Tangu jana televisheni ni tufani tu huko Ghuba ya Meksiko, na mkeo kanidokeza kwamba Gadi ya Taifa, hilo jeshi lenu la akiba la majimbo ya Marekani, imekuita. Sikuzuii. Nauliza: amri umeiona kwa maandishi? Nani analipa, na siku ngapi?

Gadi ya Taifa sare ni moja, mifuko ni miwili. Gavana akikuita kwa kazi ya jimbo, hazina ya jimbo ndiyo inayokulipa kwa viwango vyake, na siku hizo haziingii kwenye pensheni yako ya jeshi. Ukiteguka mgongo kwa mifuko ya mchanga, unafuata fidia ya jimbo. Amri ikiwa ya "Title 32", yaani sehemu ya 32 ya sheria za Marekani, mkuu wenu bado ni gavana, ila pesa ni za Washington: mshahara wa msingi, posho ya chakula, posho ya nyumba.

Hapo sasa hesabu siku. Amri ya siku 30 kwa kawaida hupata posho ya nyumba ya kiwango cha chini, kilekile nchi nzima, hata kama kodi yako ya pango ni ya Houston. Ya siku 31 huangalia mahali, cheo na wategemezi, na bima ya afya ya familia huanza. Siku moja tu! Wakati wa korona, 2020, amri za wengi zilipangwa kuishia siku ya 89, ilhali mafao ya masomo hufunguka siku ya 90. Zikaongezwa baada ya kelele.

Usinijibu "sajenti kasema". Sajenti hasaini malipo. Na wewe uliyeongoza kwa hesabu, mpaka msikitini nakuringia, unasaini bila kusoma?

Mkeo asipokuwemo kwenye daftari la wategemezi, utalipwa kama kapera. Cheti cha ndoa cha Tanga kitafsiriwe Kiingereza, mtafsiri atie sahihi. Kingefika zamani kama kisingelala kwenye sanduku la mtu; nimekiposti leo.

Salari slipu isome kila ikija. Posho ya chakula na ya nyumba hazikatwi kodi ya mapato. Ukiona pesa ya ziada usiile, wataikata baadaye bila kukuuliza una nini mfukoni.

Mama yako anauliza ufunguo wa stoo. Jenereta haiwaki na friza imejaa samaki. Yale mafuta ya mwaka jana uliyamwaga?

Amri ipige picha, kurasa zote, unitumie kabla hujapanda lori.

Baba yako