Usiku wa Marchand

Nanterre, Ufaransa
1 Agosti 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila sauti imekauka. Leo kazini nimesalimia watu kwa kupunga mkono tu.

Jana nilipata tiketi ya kuogelea kwenye ukumbi wa La Défense. Siku nyingine pale huchezwa raga. Kwa ajili ya Olimpiki wamejenga bwawa la muda katikati. Nilikaa juu kabisa.

Unamkumbuka kijana wa Toulouse niliyekusimulia Jumapili kwenye simu, Léon Marchand, aliyeifuta rekodi ya Olimpiki ya mwogeleaji wa Marekani, Michael Phelps, ya mwaka 2008? Ana miaka 22 tu. Jana alikuwa na fainali mbili usiku mmoja, mita 200 kwa mtindo wa kipepeo na mita 200 kwa mtindo wa chura, na kati yake hazikutimia saa mbili. Kipepeo humaliza mabega, chura hula miguu. Nilimwonea huruma kabla hajaingia majini.

Kwenye kipepeo, Kristóf Milák wa Hungaria, bingwa wa Olimpiki ya Tokyo, aliongoza mpaka mita 150. Nikasema basi, imeshindikana. Marchand akagusa ukuta, akajisukuma, akazama. Namtafuta juu ya maji, simwoni! Bado yuko chini, miguu imeshikana, anapiga mkia kama pomboo. Alipoibuka, Milák hakuwa mbali tena. Wakaenda hivyo mpaka mwisho, nami nimesimama juu ya kiti. Marchand akashinda, dakika 1 na sekunde 51.21. Rekodi ya Olimpiki ilikuwa 1:51.25, ya Milák mwenyewe.

Lakini mama, chura ndiyo iliyonitoa machozi. Mtindo ule kichwa huibuka kila mpigo. Basi kikiibuka, ukumbi mzima unapaza sauti moja, kikizama, kimya. Kelele, kimya, kelele, kimya, maelfu ya watu tukipumua pamoja naye. Bibi mmoja nisiyemjua alinishika kifundo cha mkono tangu filimbi ya kwanza, na kila kichwa kilipotoka alinibana. Hadi sasa pana alama ya pete yake. Safari hii Marchand hakumfuata mtu. 2:05.85, rekodi nyingine ya Olimpiki, na aliyekuwa akiishikilia, Zac Stubblety-Cook wa Australia, alikuwa majini naye, akashika nafasi ya pili. Hakuna aliyewahi kushinda kipepeo na chura katika Olimpiki moja, na huyu kashinda zote usiku mmoja.

Usiku huohuo Pan Zhanle wa China aliogelea mita 100 mtindo huru kwa sekunde 46.40, rekodi ya dunia. Siku nyingine ningekuandikia barua nzima juu yake.

Bibi yule hakuniachia mpaka wimbo wa taifa ulipokwisha. Hatukuulizana hata majina. Alinifuta machozi kwa leso yake, akajifuta na yeye.

Kesho kuna fainali ya mita 200 mchanganyiko, mitindo yote minne katika shindano moja. Waambie wadogo zangu wawahi kukaa mbele ya televisheni, nitapiga simu ikiisha.

Mwanao