Barua ya wazi kwa Mkuu wa Shule: alama za wanafunzi ziende Marekani kama zilivyo

Ndugu Mkuu wa Shule,

YAH: OMBI LA KUACHA KUGEUZA ALAMA KUWA GPA

Salaam. Kila msimu wa maombi ya vyuo vya Marekani, ofisi yako ya taaluma hupokea ombi lilelile: mwanafunzi anataka transkripti (karatasi ya alama zake zote) yenye GPA, yaani wastani wa pointi za alama, ya mizani ya 4.0, kwa sababu ameona fomu ina nafasi ya kuijaza. Ofisi, kwa nia njema kabisa, inachukua kikokotoo na kumtengenezea. Tunakuomba zoezi hilo likome, maana mara nyingi linamwumiza yule linayekusudia kumsaidia.

Mchukue mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne kwa viwango vya Tanzania, ambako A huanzia 75 na B huanzia 65. Hisabati ana 78, Fizikia 66, Kemia 70, Biolojia 76, Kiingereza 67, Jiografia 75. Wastani wake ni 72. Karani wa kwanza anagawanya 72 kwa 25, kwa kuwa 100 ukiigawanya kwa 25 unapata 4, naye anaandika 2.88. Wa pili anafuata herufi: A tatu kwa pointi 4, B tatu kwa pointi 3, jumla 21, gawa kwa masomo 6, anapata 3.5. Wa tatu ameona jedwali linalotumika katika shule nyingi za Marekani, A ikiwa 90 hadi 100, B 80 hadi 89, C 70 hadi 79, D 60 hadi 69. Analipachika juu ya alama zilezile, zinatoka C nne na D mbili, anaandika 1.67. Mtoto ni yuleyule na mitihani ni ileile, lakini GPA zimekuwa tatu.

Ya kwanza na ya tatu ni makosa ya wazi. Anayegawanya kwa 25 ameshaamua, bila kujua, kwamba 75 ni B dunia nzima, ilhali kwa viwango hivi 75 ni A. Ile 3.5 iko karibu zaidi na ukweli, lakini nayo si kazi ya shule kuitoa. Ofisi nyingi za udahili zina wasomaji waliogawiwa nchi au kanda, wanaozijua alama za huko na kufanya hesabu yao wenyewe. Wakikuta hesabu yenu haikubaliani na yao, shaka haiishii kwenye GPA, inasambaa hadi kwenye transkripti yote.

Tena mizani zenyewe hazielekei upande mmoja. Ufaransa alama ni juu ya 20, na 16 tayari ni ufaulu wa juu sana. Ujerumani 1.0 ndiyo bora na 4.0 ndiyo mpaka wa kufaulu, kwa hiyo 1.3 ya huko ikiandikwa bila maelezo inaonekana ni ya mtu aliyefeli. Hapa kwa majirani wawili tu, jumla ya pointi 7 kidato cha nne Tanzania ndiyo ya juu kabisa, kwa kuwa huko pointi chache ndizo bora, wakati pointi 12 za KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari Kenya, ndizo A. Mfasiri naye aonywe: 16/20 ibaki 16/20. Kazi yake ni kutafsiri maneno, mstari kwa mstari, na nakala ya lugha ya awali iambatane na tafsiri.

Transkripti yenyewe ioneshe kila somo, mwaka kwa mwaka, kwa miaka minne ya mwisho ya sekondari, pamoja na idadi ya vipindi kwa wiki na dakika za kila kipindi. Wengi huacha hili la vipindi, nalo ni muhimu. Uniti moja ya kawaida ya sekondari ya Marekani, yaani somo moja la mwaka mzima, huhesabiwa kuwa saa 120 za darasani kwa mwaka. Vipindi 6 vya dakika 40 kwa wiki ni saa 4; kwa wiki 36 ni saa 144, somo zima bila ubishi. Bila namba hizo, msomaji anabaki kukisia. Mwanafunzi aliyerudia somo, ziandikwe alama zote mbili. Wala msikweze 74 ikawa 75.

Nguvu mnayoitumia kwenye GPA tunaomba ihamie kwenye karatasi ambayo shule nyingi hazitumi kabisa: wasifu wa shule. Ukurasa mmoja au miwili unatosha. Uandike viwango vya ufaulu na alama ya chini ya kufaulu, lugha ya kufundishia, tahasusi zilizopo, mitihani ipi ni ya shule na ipi ya taifa, mwaka wa masomo unaanza na kuisha mwezi gani, na kama shule inapanga wanafunzi kwa nafasi. Kisha mgawanyo wa alama, ambao kwetu ndio moyo wa karatasi hii. Tuseme watahiniwa 120 walifanya Fizikia na 4 tu wakapata A. Andikeni hivyo hivyo. Msomaji akikutana na 66 ya yule mwanafunzi wetu, atajua B hiyo imesimama wapi, jambo ambalo hakuna GPA inayoweza kumwambia.

Nyaraka zitumwe na shule, kwa baruapepe ya shule, au katika bahasha iliyofungwa na kugongwa mhuri juu ya mfuniko wake. Jina lifanane na la pasipoti. Na mhuri ugongwe pembeni: ukikaa juu ya safu ya alama, ukiskaniwa unakuwa doa jeusi na 76 haisomeki tena.

Pale ambapo matokeo ya taifa hayajatoka, na vyuo vingi hufunga maombi ya mapema Novemba 1 na ya kawaida kuanzia Januari 1, toeni alama za makadirio kwa mizani yenu ileile, neno “makadirio” liandikwe wazi, na mwalimu asaini. Matokeo halisi lazima yafuate, maana nafasi hutolewa kwa sharti hilo, na makadirio yaliyopambwa yanaweza kumnyang'anya mtu nafasi aliyokwisha kupewa.

Vyuo vingine hudai tathmini ya vyeti kutoka taasisi iliyo mwanachama wa NACES, umoja wa taasisi za Marekani zinazotathmini vyeti vya nje. Hiyo hulipiwa, kwa hiyo mwanafunzi asome kwanza masharti ya chuo chake, vingi havihitaji. Inapotakiwa ya somo kwa somo, taasisi hiyo ndiyo itakayokokotoa GPA. Wanamichezo wanaopitia NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, hutathminiwa na NCAA yenyewe.

Tunaomba wasifu huo uandikwe na kusainiwa kabla ya Oktoba, nakala yake iambatishwe kwa kila mwombaji. Atakayekuja kuuliza GPA, aambiwe shule haitoi GPA, na kwamba fomu ya Common App, ile ya pamoja inayopokelewa na vyuo vingi vya Marekani, haimlazimishi kujaza asichopewa na shule.

Wako katika kazi,

Washauri wa waombaji wa vyuo vya nje